Mnyama wa Tisa

Mwaka mpya ulikuwa bado haujaingia mjini, lakini nyumbani kwa Shekuwe ulikuwa umekwisha kuingia, ukavua viatu, ukaketi. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika mji ule. Nyumba ya Mhuri ilipiga sarafu zake za dhahabu mapema, zikiwa na tarehe ya mwaka ambao hakuna aliyeuona, na mtu aliyepelekewa sarafu hiyo alihesabiwa kuwa anaishi katika mwaka ulioandikwa juu yake. Majirani walimjia mlangoni kumuuliza huko mbele kukoje, mvua ipo, mahindi je. Shekuwe hakuwa mtu wa makuu. Aliwajibu kwamba mpaka sasa hali si mbaya, nao wakaenda zao wameridhika. Mkewe, Bi Somoe, ndiye pekee aliyekataa kuhama. Kila sarafu ilipofika alimwambia mumewe, "Mimi bado niko mwaka huu. Ukirudi utanikuta."

Sarafu zenyewe hazikuwa za kununulia kitu. Pesa ya mji ule ilikuwa ya shaba, chafu, yenye kunuka viganja vya watu, na kazi yake iliifanya vizuri tu. Hizi za dhahabu ziliitwa sarafu za kioo. Kipande cha dhahabu kilisuguliwa kwanza mpaka kikaweza kurudisha sura ya anayekitazama, kisha mhuri wa chuma, nao umeng'arishwa, ukakigandamiza zaidi ya mara moja, polepole, ili kila unywele wa mnyama ukae mahali pake. Uwanja wa sarafu, yaani sehemu tupu iliyomzunguka mnyama, uling'aa mpaka ukaonekana mweusi, na mnyama aliyesimama juu yake alikuwa na weupe wa ukungu. Kila sarafu ilibeba mmoja wa wanyama wanaoshika ngao ya Enzi, dola iliyoutawala mji ule. Simba, tai, fahali, joka, farasi mwenye pembe moja, na wenzao. Wote walisimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, kucha wazi, ngao kifuani. Hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kumwona joka, na simba walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye hadithi siku nyingi. Lakini Enzi yenyewe nayo haikuwahi kuonekana, kwa hiyo watu hawakuona ajabu yoyote.

Wanyama walikuwa tisa. Shekuwe alikuwa nao wanane. Kwa kuwa mtunzaji wa sarafu hizi aliitwa kwa jina la mnyama wake wa mwisho, mwaka mmoja watu walimwamkia Bwana Tai, mwaka mwingine Bwana Fahali, na mwaka wa joka walimpisha njiani kidogo, si kwa hofu, kwa adabu tu. Alizoea. Ilipofika mwaka wa tatu au wa nne alikuwa hajui tena kama yeye ni mtu anayekusanya wanyama au ni wanyama wanaopeana zamu ya kuwa mtu. Jina lake la kuzaliwa lilibaki jikoni, mikononi mwa Bi Somoe, ambaye alilitumia kila siku bila kulilaza juu ya mahameli kama sarafu.

Sasa msikilizaji atauliza, kulikuwa na nini mwisho wa hao tisa, hata mtu mzima akubali kuitwa fahali? Kulikuwa na Nyumba ya Wasioguswa. Mtunzaji aliyetimiza wanyama wote tisa, kila mmoja safi, pasipo doa, alichukuliwa na Mkaguzi wa Nyumba ya Mhuri akaenda kuishi humo. Humo mtu hazeeki. Haugui, hatumwi, haitwi huku na huku. Anakaa nyuma ya kioo, ametulia, na hakuna mkono unaomfikia. Wale waliokwisha kuingia walionekana siku za sikukuu, wamekaa vitini mwao na nyuso zilezile walizoingia nazo, na watu wa mjini waliwaonyesha watoto wao kwa kidole.

Shekuwe aliitaka nyumba hiyo kufa na kupona, na sababu yake haikuwa tamaa. Ilikuwa baba yake. Baba yake, Ngwatu, alikuwa mchukuzi sokoni. Alibeba magunia, akabeba makabati, akabeba majeneza ya watu ambao wangali hai lakini wameshaagiza mapema. Mvua ikinyesha alibeba wenye viatu vizuri kuwavusha tope. Watu walimwita Punda, naye aliitika, tena kwa uchangamfu, maana aliona kuitwa ni bora kuliko kutoitwa. Mji mzima ulimtumia kidogo kidogo mpaka akaisha, na siku ya mazishi hakukuwa na cha kuzika ila mgongo. Shekuwe alisimama pale kaburini, bado kijana, akaapa kwamba yeye hatatumika na mtu. Kiapo hicho ndicho kilichomfanya aipende dhahabu ambayo haijawahi kununua hata kipande cha muhogo.

Jambo moja alikuwa halitamki, hata peke yake. Bi Somoe hangekuwa naye kule. Mke wa mtunzaji aliruhusiwa kuja kumtazama mumewe kupitia kioo, akitaka, na wengi walifanya hivyo kwa muda kisha wakapunguza. Bi Somoe aliyajua hayo yote na hakumsumbua nayo. Alikuwa fundi wa miavuli. Watu walimletea miavuli iliyovunjika mbavu, iliyopinduliwa na upepo, iliyotoboka, naye akaishona, akainyoosha, akairudisha mvuani. Alipofanya kazi aliimba chini chini nyimbo zisizo na maneno, na Shekuwe akiwa chumbani na wanyama wake alimsikia kupitia ukuta, na moyo wake ulitulia. Hakuwa mtu mwenye huzuni, tusimsingizie. Alikuwa na anachokipenda upande mmoja wa ukuta na anayempenda upande wa pili, akawa anasubiri tu kuambiwa achague.

Ukuta huo ulikuwa na sababu yake. Kosa kubwa la mtunzaji si kuiangusha sarafu. Ni kusema juu yake. Tone la mate, dogo kiasi cha kutoonekana, hutoka na neno, likalala juu ya dhahabu, na baada ya siku kadhaa huamka likiwa doa jekundu. Ukilifuta ndiyo umemaliza kazi kabisa, maana hata kitambaa laini kuliko vyote huacha mikwaruzo juu ya kioo kile. Kwa hiyo watunzaji waliingia kwa wanyama wao wamejifunga kitambaa mdomoni, wamevaa glavu, wakashika sarafu kwa ukingo, wakanyamaza. Wengi wao walinyamaza hata nje, wakasahau kufungua. Shekuwe alikuwa akifungua kila atokapo, kwa sababu mezani kulikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Siku iliyoletwa sarafu ya tisa, aliiweka juu ya mahameli kati ya wale wanane, ikiwa bado ndani ya kikasha chake, na hakuifungua. Alikaa nayo. Alitaka kuonja ule muda wa kuwa karibu, ambao ni mtamu kuliko kufika. Chumba kilikuwa na mwanga wa asubuhi, na wanyama wanane walimtazama kutoka kwenye vioo vyao, na katika kila kioo, nyuma ya mnyama, alijiona yeye mwenyewe akiwa na umri wa mwaka ule. Alikuwapo Shekuwe wa simba, mwenye nywele nyingi. Alikuwapo Shekuwe wa tai, aliyeanza kukonda. Walimwangalia bila kupepesa macho, na yeye akajiuliza ni yupi kati yao atakayekwenda kukaa kwenye kile kiti.

Simba. Wewe simba. Tangu upigwe mhuri hujala. Simba asiyekula ni simba wa nani?

Na mimi, kucha zangu ni zipi?

Labda nguvu ni hiyo. Kucha wazi, na hakuna aliyekwaruzwa. Ulimi nje, na hakuna aliyelambwa. Labda Enzi inaogopwa kwa sababu haijawahi kutujia karibu tukasikia harufu yake.

Lakini tai huyu hajaruka. Fahali hajalima. Nimewatunza wasiguswe, nao wamenitunza nisiguswe. Nani kamfungia nani?

Kitu kisichotumika hakiishi. Maneno hayo yana pande mbili, na mimi miaka yote nimeutazama upande mmoja tu. Hakiishi, ndiyo, hakimaliziki. Na ule mwingine je? Ule niliokuwa nautupia mgongo?

Nyamaza, Shekuwe. Fungua kikasha.

Ilikuwapo desturi kwa mnyama wa tisa peke yake. Mtunzaji alitakiwa avue kitambaa cha mdomoni, ainamie sarafu uso wote ukiwa wazi, midomo imefumbwa, ili dhahabu impokee mzima mzima. Waliiita kuonana. Wengi walikuwa wamefanya mazoezi ya kufumba midomo kwa ajili ya siku hiyo, na Shekuwe alikuwa mmoja wao. Alivua kitambaa, akavuta pumzi kwa pua, akafungua kikasha, akainama.

Mnyama wa tisa hajulikani mpaka atazamwe. Wengine walisema ni chui mwenye taji, wengine ndege wa moto. Shekuwe alikuwa ameweka moyo wake kwa chui. Aliyemkuta juu ya dhahabu alikuwa punda.

Alikuwa punda kamili. Amesimama kwa miguu ya nyuma kama wenzake wote, kwato zake mbili za mbele zimeikumbatia ngao ya Enzi, taji limekaa upande kwa sababu ya masikio, na ulimi, kwa kuwa sheria ya ngao inataka ulimi uwe nje, ulikuwa nje. Fundi wa mhuri hakufanya mzaha hata kidogo. Alichonga kila unywele. Alichonga mpaka alama mgongoni, pale mzigo unapokaa, pamechubuka na kupona. Uso wa mnyama ulikuwa na ule uchangamfu wa mtu aliyeitwa, ambaye anaona kuitwa ni bora kuliko kutoitwa. Na nyuma yake, katika uwanja mweusi unaong'aa, ulikuwa uso wa Shekuwe, umefanana naye kama pacha.

Alijikaza. Alibana midomo, akabana na pua, machozi yakamlengalenga. Alijaribu kufikiria mambo mazito, akamfikiria Mkaguzi, akafikiria kile kiti nyuma ya kioo. Kisha akamwona baba yake siku ile alipombeba tajiri mmoja katikati ya tope na tajiri akawa anampa maelekezo, kushoto, kulia, naye akawa anaitika kama punda, kwa makusudi, hi-haa, mpaka soko zima likaanguka kwa kicheko. Alikuwa amemsahau baba yake huyo. Miaka yote alikuwa amembakiza yule wa kaburini tu. Kicheko kikamtoka. Hakikuwa cha adabu. Kilimtoka tumboni, kikajaza chumba, kikaenda moja kwa moja juu ya dhahabu.

Bi Somoe alikuja na ubavu wa mwavuli mkononi. Alikuwa hajawahi kusikia sauti yoyote kutoka chumba kile, akadhani mumewe anakufa. Alimkuta ameshika meza kwa mikono miwili, hajiwezi. Shekuwe akamwonyesha kwa kidole. Bi Somoe akasogea, akainama, akatazama kwa makini kama anavyotazama mwavuli ulioletwa na mteja mgeni.

"Huyu si mkwe wangu?" akauliza.

Wakacheka wote wawili mpaka wakakaa chini sakafuni. Alipopata pumzi, Shekuwe alikumbuka kitambaa, akakiona juu ya meza, mbali, hakina kazi. Alingoja huzuni ije. Alikaa kabisa akaingoja, maana alijua inastahili kuja. Haikuja siku hiyo.

Ilikuja baadaye kidogo, tusimpambe. Siku zilipokwenda, doa liliamka. Lilikuwa dogo, jekundu, chini ya sikio la kushoto la punda, na Shekuwe aliliangalia kila asubuhi kwa kioo cha kukuzia, roho juu. Hakuwa ameiacha nyumba ile. Mtu haachi kitu alichokiapia kaburini kwa sababu amecheka mara moja. Alihesabu nafasi zake. Pengine Mkaguzi hataliona. Pengine litakoma hapo lilipo. Usiku alilala ubavu kwa ubavu na Bi Somoe akahisi joto la mgongo wake, akajiambia kwamba hiki ndicho kile kitu, hiki ndicho nitakachokitazama kupitia kioo. Bi Somoe alikuwa macho, naye hakumbembeleza. Alikuwa ameamua zamani kwamba mume aliyebembelezwa kubaki atakuwa mgeni nyumbani maisha yake yote.

Mkaguzi alifika mchana, jua likiwa kali. Kila mara Mkaguzi alikuwa mtu mwingine ndani ya koti lilelile la kijivu, na safari hii koti lilikuwa na mwanamke wa makamo, mdomo umefungwa kitambaa, mwenye macho ya mtu aliyesafiri sana. Alisalimia kwa kichwa. Akakaa, akavaa glavu, akaanza na simba. Alimaliza tai, akamaliza fahali, akamgeuza joka kwa ukingo mara mbili. Wote wanane walikuwa safi. Alipomfikia wa tisa akasita. Alimsogeza karibu na dirisha, akamtazama kwa kioo chake muda mrefu, na Shekuwe, aliyesimama nyuma yake, alijua ni lini hasa jicho lilifika chini ya sikio.

Mkaguzi aliweka sarafu chini, akashusha kitambaa chake mpaka kidevuni.

"Macho yangu siku hizi yanadanganya," alisema taratibu. "Mwanga wa jua hili nao si mzuri. Naona wanyama tisa. Wewe unaona nini, Bwana Shekuwe?"

Ulikuwa wema wa kweli. Hakuomba chochote, hakuna alichokuwa anauza. Alikuwa amechoka kuwaambia watu wazima kwamba maisha yao yana doa, basi. Shekuwe alielewa kwamba mlango uko wazi, na kwamba anachotakiwa kufanya ni kile alichokifanya vizuri miaka yote, yaani kunyamaza. Kizingitini alikuwa amesimama Bi Somoe, anafuta mikono kwa kanga, anatazama sakafu.

"Kule," Shekuwe akauliza, "watu hucheka?"

Mkaguzi alifikiri. Alikuwa mtu mkweli ndani ya koti lile. Akasema hakuna aliyekatazwa. Yeye mwenyewe ameingia mara nyingi, na viti ni vizuri, na hakuna vumbi. Kisha akasema kwamba kwa kweli hajawahi kusikia.

"Basi sema doa lipo," alisema Shekuwe. "Nimelitia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Na kama baba yangu angekuwapo angelitia kubwa zaidi."

Alishangaa jinsi maneno yalivyokuwa mepesi. Alitegemea kitu kipasuke. Kiapo kilikuwa kizito miaka yote, na alipokitua aliona kwamba alikuwa amekibeba mgongoni, kama mchukuzi, bila hata kulipwa wala kuchekwa. Mkaguzi, kama desturi inavyotaka, alilitamka neno hilo kwa sauti, doa, na kwa neno hilo Nyumba ya Wasioguswa ilimfungia Shekuwe mlango. Haikufunga kwa kishindo. Mwaka wa mitaani ulikuja ukamkuta palepale alipo, na ule ulioandikwa kwenye dhahabu ukavaa viatu vyake ukatoka. Kitu kidogo kilimuuma gotini. Alikuwa ameanza kuzeeka, akaona si vibaya.

Kabla ya kuondoka Mkaguzi aliomba amwone punda mara moja tena. Alipandisha kitambaa mdomoni, akainama, na ingawa hakutoa sauti, mabega ya koti la kijivu yalitikisika kwa muda. Akajifuta macho, akaaga, akaenda kwa mtunzaji mwingine.

Walibaki wawili na wanyama tisa. Nje kulikuwa na mtu anaita, ana mwavuli uliovunjika, anataka kujua kama fundi yupo. Bi Somoe akamjibu asubiri kidogo. Alikuwa bado kizingitini, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alionekana kuona haya mbele ya mumewe.

"Naweza kuishika?" akauliza.

Shekuwe akamtolea punda kutoka kwenye kikasha, akamwekea kwenye kiganja kitupu, chenye sugu na alama za sindano. Bi Somoe alikipima kile kipande cha dhahabu, akakigeuza, akakipitishia kidole gumba usoni kama anayemfuta mtoto. Mistari ya kidole chake ilibaki pale juu ya kioo, yote.

"Ina baridi," alisema.

Akafumba mkono. Wakakaa hivyo, mtu wa mwavuli akiwa anangoja nje, mpaka dhahabu ikapata joto.